Mikono ya Mama Mdogo

Jumatatu asubuhi kipima cha utulivu wa mimea kilisoma themanini na moja, nikajua kuna mtu ameingia chumba changu cha maua.

Ijumaa nilikiacha kwenye sitini na mbili. Namba haipandi namna hiyo yenyewe. Nimelima bangi ya dawa misimu mitatu, na kabla ya hapo nilikaa chuoni miaka miwili nikatoka na stashahada ya kilimo cha bustani, na sijawahi kuona mimea ikifurahi bila mtu kuifanyia kitu.

Nilifunga pazia la pili nyuma yangu, nikasubiri macho yazoee taa za zambarau. Mimea minne ya binti yangu Zuena ilikuwa kwenye tuta lake, imenifika kifuani, wiki ya tano ya maua. Vikonyo, yaani vishada vya maua, vilikuwa vimenenepa kama gunzi changa la mahindi. Nywele zake nyeupe zilikuwa zinaanza kushika rangi ya kutu. Harufu ilijaa chumba, nzito, kama ndimu iliyokamuliwa juu ya mafuta ya taa. Babu yangu alikula miaka mitatu jela kwa miche minne kama hii, tena yake ilikuwa dhaifu. Mimi naletewa mboji na gari la serikali.

Nilianza kazi kama kawaida, maana hasira haiondoi ubwiri unga. Niligeuza majani ya chini moja moja nikitafuta ule unga mweupe. Hakuna. Nikatafuta utitiri kwa lenzi. Hakuna. Nikang'oa majani ya manjano yaliyokwisha kazi, nikayatia mfukoni, kwa sababu jani likiachwa juu ya tuta huoza na ukungu hupanda nalo. Wakati wa maua hatupulizi kitu, hata mwarobaini. Ukipuliza, mtoto atakunywa ulichopuliza. Kinga yetu ni macho, feni, na kutomwaga maji ovyo.

Kisha nikachimba udongo kwa kidole. Utando ulikuwa hapo, nyuzi nyeupe nyembamba kuliko za buibui, zimesokotana kuanzia mmea wa kwanza hadi wa nne. Huu ndio uliofanya watu waache vidonge. Ni uyoga uliozalishwa ili uonje. Siku ya kupanda, mate ya Zuena yalichanganywa na mboji, na utando ukamjua. Tangu hapo huiambia mimea itoe utomvu wa aina gani ili kutuliza degedege la mtoto huyo mmoja, si la mwingine. Ila degedege hubadilika kila wiki, na mtoto mwenyewe haruhusiwi kuingia humu, harufu ingemwangusha mlangoni. Kwa hiyo lazima awepo mlezi. Mlezi humshika mtoto, kisha huja kushika mimea, na kilichobaki kwenye ngozi yake ndiyo habari inayofika kwenye mizizi. Mlezi ni mmoja. Wakiwa wawili, utando hupokea habari mbili, na utomvu huwa wa ovyo.

Mlezi wa Zuena ni mimi, Mwantumu Shekigenda, mama yake. Nimeandikwa kwenye daftari la ofisi ya mimea ya kata.

Nikainua macho, nikaliona fundo.

Tawi kubwa la mmea wa pili, lililokuwa linainama kwa uzito, lilikuwa limefungwa kwenye kijiti kwa kamba ya katani. Mimi hufunga fundo moja la kitanzi, legevu. Hili lilikuwa limepitishwa mara mbili, likakazwa, likarudishwa chini ya lenyewe. Nchi nzima ya Usambaa, mtu mmoja tu ninayemfahamu angefunga ua kama anafunga lumbesa ya viazi.

*

Hidaya alikuwa kibarazani kwake, amemkalisha Zuena chini kati ya magoti yake, anamsuka. Mwanangu alikuwa amefumba macho na kichwa chake kimeegemea paja la mwanamke yule kama kwamba kilitengenezwa kwa ajili ya paja hilo.

Hidaya ni mke wa Kiango. Kiango alikuwa mume wangu. Kwake yeye sina wivu hata kidogo. Mwanamume anayekoroma vile, aliyemchukua ana thawabu. Ijumaa ile nilipokwenda kwenye mafunzo Korogwe, nilimwacha mtoto kwa baba yake, na baba yake alikuwa barabarani na lori la kabichi, kama siku zote. Maana yake nilimwacha kwa Hidaya.

"Karibu, dada," alisema. "Vuta kigoda."

"Sikuja kukaa. Nani aliingia chumba cha maua?"

"Mimi." Hakusimamisha hata vidole. "Jumamosi. Kipima kilipiga simu yako, simu yako imezimwa. Kikapiga kwa Kiango, Kiango yuko Chalinze. Kiango akanipigia mimi. Umeme umekatika, feni zimekufa, chumba kinachemka. Ulitaka nikae nisuke?"

"Nilitaka unitafute."

"Kwa njiwa?"

Zuena alicheka. Ana miaka tisa, kicheko chake ni cha nadra, na kilimtoka kwa maneno ya mtu mwingine, dhidi yangu.

"Uliingia ukiwa umevaa nini?" nikauliza.

"Kanga yako ya kazi, iliyoning'inia mlangoni. Si ndiyo sheria? Nikafungua matundu, nikapepea kwa ungo mpaka umeme uliporudi. Nikamwagilia pembeni ya tuta, si kwenye shina. Tawi moja lilikuwa linataka kuvunjika, nikalifunga."

"Kama gunia."

"Magunia yangu hayajawahi kufumuka njiani."

"Na Jumapili?"

Hapo vidole vilisita. "Jumapili nilirudi kuangalia kama fundo limeshika. Basi."

Alikuwa mkweli kiasi cha kuniudhi. Nikamwambia Zuena akachukue begi lake. Hakunyanyuka mara moja. Alimtazama Hidaya kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa.

"Nenda, mama," Hidaya akamwambia. "Nywele tutamalizia."

"Ameanguka mara ngapi?" nikauliza mtoto alipoingia ndani.

"Hakuanguka."

"Siku tatu?"

"Hata mara moja."

Wiki iliyotangulia, nyumbani kwangu, aliniangukia mara nne. Nilikuwa nimeziandika kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu, saa na sekunde zake. Nilimshika mwanangu mkono tukapanda mlima na nusu ya kichwa chake ikiwa haijasukwa.

*

Nilibadilisha kufuli. Jumanne kipima kilisoma sabini na nne, Jumatano sitini na sita. Alhamisi kilisoma hamsini na tisa, na siku hiyo akaja bibi shamba.

Anaitwa Nakiete, Mpare wa Same, mwanamke mwembamba mwenye buti za mpira na tabia ya kunyamaza mpaka mtu mwingine aropoke. Aliingia chumbani peke yake akiwa amevaa suti ya karatasi, akatoka, akaivua, akaikunja vizuri. Kisha akanipangusa viganja kwa kipande cha kitambaa, akakitumbukiza kwenye kidude chake, tukasubiri.

"Mikono yako misafi mno," alisema.

"Asante."

"Sikusifii. Unanawa kabla ya kuingia?"

"Mpaka kwenye kiwiko. Sabuni na majivu. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni, usipeleke ugonjwa shambani."

"Chuoni mlifundishwa kulima nyanya." Alifungua kitabu cha walezi, akanigeuzia ukurasa. "Soma hapa."

Nilisoma. Mlezi anawe mikono anapotoka katika chumba cha maua. Anapotoka. Nilikuwa nimesoma mstari huo misimu mitatu, na misimu yote mitatu macho yangu yaliona kile nilichokuwa nakijua tayari. Kila asubuhi nilikuwa nachukua habari za mwanangu mikononi, nazimwaga kwenye karai, kisha naenda kuishika mimea kwa mikono isiyosema neno. Ndiyo maana mafuta yaliyokamuliwa kwenye maua ya mwaka jana yalizuia nusu tu ya degedege. Ofisi ilisema ni mbegu. Nami nilisema ni mbegu.

"Basi sitanawa," nikasema.

"Vizuri. Lakini kuna la pili." Nakiete alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Kidude hiki kinatafuta jasho la mtoto chini ya sabuni pia. Huwa linabaki kidogo kwenye mikunjo. Kwako halipo hata kwenye mikunjo. Mama Zuena, unamshika mtoto saa ngapi?"

"Namwogesha. Namvalisha. Nampa dawa. Akianguka namlaza ubavu na kuhesabu."

"Hiyo ni kazi. Nimeuliza kumshika."

Nilikuwa na kabichi za kupalilia, mimea minne, mtoto anayeanguka, na hakuna mwanamume ndani ya nyumba. Atakayetaka kunihukumu aje anisaidie kuteka maji kwanza.

"Na utando umeonja mtu mwingine," Nakiete akaendelea. "Aliyejaa jasho la mtoto. Ni nani?"

"Hakuna mtu mwingine."

Alijua ninadanganya, na nilijua anajua.

"Jumatatu nitarudi na daftari," alisema. "Wiki ya sita ikimalizika, utomvu umeshaamua uwe wa namna gani, hata malaika akija hawezi kuubadilisha. Utaniandikia jina moja. Likiwa lako, sawa. Likiwa la mwingine, mtoto ahamie kwa huyo mpaka mavuno yakauke, ni wiki tisa. Na msimu ujao ofisi itaanza na jina hilohilo, usije ukashangaa."

"Na nikiandika langu, na namba ni hii?"

"Atapata mafuta ya hamsini na tisa." Alivaa kofia yake. "Unamkumbuka mtoto wa Mzee Shemzigwa? Yeye alikuwa wa hamsini na tano. Alianguka kwenye mfereji wa kumwagilia, maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu."

Nilimkumbuka. Nilipika kwenye msiba ule.

*

Ijumaa sikunawa. Nilimwita Zuena, nikakaa kitandani, nikamkumbatia.

Alivumilia kidogo, kisha akasema, "Mama, una nini?"

"Nakukumbatia."

"Kwa nini?"

"Mama akimkumbatia mtoto lazima kuwe na sababu?"

Alifikiri. Ni mtoto mwenye haki, hajibu ovyo. "Wewe huwa na sababu," alisema.

Nikamwomba alale juu ya mkono wangu. Akalala kama mtu anayelala kwenye benchi la hospitali, amejikaza, miguu imenyooka. Nikamwambia ajilegeze. Akasema amejilegeza. Nikajaribu kumalizia zile nywele zake zilizobaki, mimi ambaye tangu azaliwe hadi mwaka jana nilimnyoa kwa sababu nywele fupi hazipotezi muda, na baada ya mistari miwili akasema kwa adabu, "Mama, unavuta."

"Mama mdogo havuti?"

"Anavuta. Lakini anasimulia huku anavuta."

"Anasimulia nini?"

"Uongo. Kuhusu sungura waliofungua duka la viazi." Akatabasamu ukutani. "Sungura mmoja anaitwa Mwantumu. Ndiye mwenye akili, anashika funguo zote."

Sikujua nicheke au niende kumtoa mtu jicho.

Jumamosi asubuhi alianguka. Alikuwa mikononi mwangu, angalau hilo. Nilisikia mgongo wake ukikaza kama ubao, kisha ikaja mitetemo, na kwa mara ya kwanza tangu apate ugonjwa ule sikumlaza chini nikachukua saa. Nilimshikilia. Nilihesabu kwa mdomo tu, nikafika tisini na moja. Alipozinduka alikuwa amelowa, macho yake yanatafuta kitu chumbani, yanapita juu ya uso wangu na kuendelea.

"Mama mdogo yuko wapi?" aliuliza.

Siwezi kueleza kilichonipata kifuani, ila kama kingekuwa mmea ningekijua: kingekuwa kwekwe, na ningekuwa nimekimwagilia mwenyewe kwa mwaka mzima. Nilitaka mimea ile ife. Nasema wazi. Nilikaa na mwanangu aliyelowa mapajani na nikatamani mimea minne inayomtibu inyauke yote, ili pasiwe na namba duniani inayomwambia mtu nani anampenda mtoto vizuri zaidi.

Kisha nikambadilisha nguo, nikaenda chumba cha maua bila kunawa, nikaishika yote minne, jani kwa jani, kikonyo kwa kikonyo. Jumapili nikafanya hivyohivyo. Jumapili jioni kipima kilisoma sitini na nne.

Alama tano kwa siku tatu za kutwa nzima. Hidaya alipata kumi na tisa kwa kupepea na ungo.

*

Jumatatu saa tatu walikuja wote wawili, Nakiete na daftari lake, Hidaya na kanga mpya kabisa mabegani, kwa sababu nilikuwa nimemtumia ujumbe wa maneno manne: Njoo Jumatatu. Usinawe mikono.

"Jina?" Nakiete aliuliza.

"Hidaya Kimweri."

Aliandika bila kuinua uso. Nilimshukuru kwa hilo. Akanipa kalamu nikaweka sahihi pale panapoandikwa mlezi anayetoka, akampa Hidaya pale pa mlezi anayeingia, akapanda pikipiki yake akaenda kwenye nyumba nyingine. Ilichukua muda wa kuchemsha chai.

"Sikuomba hili, dada," Hidaya alisema.

"Najua. Ndiyo maana linauma. Ingia nikufundishe, baada ya somo hili mimi siruhusiwi kuvuka pazia."

Nilimfundisha kwa ukali kama nilivyofundishwa mimi. Kipima kinapima utulivu, nilimwambia, hakina macho. Nikamwonyesha pa kutafuta ubwiri unga, na jinsi ya kushika jani bila kukwaruza vinyweleo vya utomvu. Nikampa lenzi. Kwa sasa vinyweleo ni kama kioo. Vitakuwa kama maziwa. Vikianza kuwa na rangi ya asali, mwite Nakiete, siku hiyohiyo. Wiki mbili za mwisho, mboji basi, maji matupu. Mlango usifunguliwe taa zikiwa zimezimwa, hata kidogo, mwanga wa tochi tu unaweza kuifanya mimea iogope.

"Ikiogopa inafanyaje?"

"Inatoa dume." Nikamweleza. Mimea hii yote ni majike, na dawa hutoka kwenye ua la jike ambalo halijachavushwa. Ukiishtua, kwa joto, kwa mwanga, kwa kubadilishiwa mtu, mmoja hujiotea kiungo cha dume katikati ya ua lake, kitu kidogo cha manjano, kimepinda. Tunakiita ndizi. Kikipasuka hutoa vumbi, na vumbi la ndizi moja linatosha kujaza mimea yote minne mbegu. Ikishika mbegu, huacha utomvu. Mtoto hukosa dawa mwaka mzima.

"Mungu apishe mbali," alisema, akainama kuangalia mmea wa kwanza, lenzi jichoni.

Wakati ameinama hivyo, mimi niliiona. Ilikuwa kwenye mmea wa pili, kwenye kikonyo cha chini, upande wa ukutani, chini kidogo ya fundo lake la lumbesa. Ndizi ndogo, haijapasuka. Bila shaka ilikuwa joto la Jumamosi ile, au mimi na wiki yangu ya kuvuruga habari. Ilibakiza siku moja kupasuka, pengine pungufu.

Nilifungua mdomo. Hidaya akageuka na kuniambia, kwa furaha tupu, "Dada, ni kama umande. Nilikuwa sijui ni mazuri hivi."

Nikafunga mdomo. Nikamwambia kazi ya asubuhi imekwisha, arudi saa kumi.

Zuena alikuwa ameshapanga begi lake, nguo zake zote za ndani, mswaki, na daftari la kuchora. Alimkimbilia Hidaya getini. Alisahau kuniaga, alirudi kuniaga kwa sababu Hidaya alimgeuza mabega na kumrudisha.

Nilitia maharage jikoni. Nilichambua mchele usiohitaji kuchambuliwa. Nilijiambia mambo mengi, na yote yalikuwa na mantiki. Watu wa stashahada hatukosi mantiki. Mlezi ni yeye. Macho anayo, lenzi nimempa, nimemwonyesha kila kitu, asipoona ni uzembe wake. Mbegu zikishika kwenye zamu yake, daftari litasema Hidaya Kimweri aliharibu mimea, na msimu ujao ofisi haitaanza na jina lake. Zuena atarudi. Ataanguka, ndiyo, lakini ataanguka nyumbani, na mimi sasa najua kushikilia. Mwaka mmoja tu. Watoto wangapi wamekaa mwaka mmoja bila mafuta?

Nilimjua mmoja. Nilipika kwenye msiba wake, na niliyaosha masufuria.

Saa kumi nilisikia kufuli, kisha pazia la kwanza, kisha la pili. Nilikaa. Maharage yaliungua kidogo chini. Niliyasikia yakishika sufuria na sikuyakoroga. Halafu nikainuka, nikatoka nyuma, nikasimama nje ya ukuta wa chumba cha maua, kwenye tundu la hewa lenye wavu.

"Hidaya."

"Abee, dada?" Sauti yake ilitoka karibu sana, upande wa pili wa tofali.

"Mmea wa pili. Kikonyo cha chini kabisa, upande huu wa ukuta. Tazama katikati ya ua."

Feni zilivuma. "Sioni... Naona. Ya manjano. Ndizi?"

"Usiiguse kwa kidole. Kuna kibano kwenye kikopo. Kiloweshe, uliloweshe ua pia kwa tone moja, vumbi likilowa linakufa. Ichomoe ndizi taratibu pamoja na mzizi wake. Itumbukize kwenye kikombe cha maji."

Nilimsikia akivuta pumzi na kuizuia. Nilimsikia hata maji ya kikombe.

"Tayari," alisema. "Haikupasuka. Umeona vipi na wewe uko nje?"

"Niliiona asubuhi."

Nilingoja anitukane, ningepokea, ningemrudishia kidogo, tungekuwa sawa. Hakunitukana.

"Asubuhi," alisema tu.

"Ndiyo."

"Haya, dada. Umesema." Kisha, kwa sauti ya mtu anayejaribu kubadilisha mazungumzo kwa ajili ya mwenzake: "Zuena amekula. Amelala mchana bila kuanguka. Na kipima huku kinasoma themanini na tatu, kama unataka kujua."

Sikutaka kujua. Themanini na tatu ni degedege mara moja kwa mwezi, pengine chini ya hapo; ni mtoto anayeweza kutumwa dukani. Mimi nimeweka mguu kwenye chumba kile asubuhi na jioni kwa misimu mitatu na sikuwahi kuiona namba hiyo. Niliweka kiganja kwenye ukuta. Tofali lilikuwa na joto la taa zangu.

Nilisikia akikusanya vitu vyake, kibano ndani ya kikopo, mfuniko wa lenzi, hatua zake zikielekea kwenye pazia.

"Hidaya," nikasema. "Usitoke. Ipo ndizi ya pili. Mmea wa nne, nyuma, na hiyo ni kubwa zaidi."